Rojo la Matunda la Friza: Baridi Haitwaharishi

Mama zetu mnaotayarisha futari na sharubati za harusi, neno letu la wiki hii ni juu ya zile pakti za rojo la embe, pera na karakara zinazouzwa zikiwa zimegandishwa. Wengi wetu huziamini kwa kuwa zimetoka katika friza. Lakini baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri huvilaza vijidudu, haiviui vyote. Pakti ikiyeyuka, vilivyolala huamka.

Baina ya 1998 na 1999, watu wasiopungua 16 waliugua homa ya matumbo katika jimbo la Florida, Marekani. Wachunguzi walipofuatilia walifika kwenye kinywaji kilichotiwa rojo la tunda liitwalo mamey, lililogandishwa na kuletwa kutoka Guatemala. Kijidudu cha homa hiyo hakizaliwi na tunda. Hutoka kwa mwanadamu, kikapitia mikono au maji machafu.

Tuitazame basi karakara yetu. Wakulima wa Bungoma na Trans Nzoia huilima, na Kamukuywa ni soko lililo kando ya barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale. Ikisagwa pande hizo, rojo lina safari ya zaidi ya kilomita 800 hadi Mombasa. Lori likiharibika njiani, au umeme ukikatika dukani, rojo huyeyuka kisha likagandishwa upya, na mnunuzi asijue. Hamira ya kimaumbile iliyomo huanza kuichachua sukari, na uchachu huo ukiachiwa twajua unaishia wapi.

Ndiyo maana rojo hupimwa. Tone moja huwekwa juu ya kioo cha refraktomita, na namna mwanga unavyopinda huonyesha kiasi cha sukari, kwa kipimo kiitwacho Brix. Kanuni za Codex za 2005 zimeweka 12 kwa karakara na 13.5 kwa embe. Kikipungua sana, kuna shaka ya maji. Mjanja huongeza sukari, kwa hiyo mpimaji makini hupima asidi pia. Kisha sampuli huoteshwa maabara siku kadhaa ili kuhesabu hamira na ukungu na kutafuta salmonela. Muuzaji asemaye "nimeonja mwenyewe" hajapima kitu.

Mtume (s.a.w.) alipopita penye rundo la nafaka sokoni hakutosheka na ukavu wa juu. Aliingiza mkono, vidole vikakuta unyevu, akamkemea mwenye mali.

Mkono wetu sisi ni simu. Chini ya alama ya ubora ya KEBS pana namba. Tuma SM# ikifuatiwa na namba hiyo kwenda 20023, upate kujua kama kibali ni cha kweli. Pakti iliyofura, au iliyojitenga barafu upande mmoja na rojo zito upande wa pili, usiichukue. Na la watoto, wajawazito na wagonjwa, lichemshe mpaka litokote, lipoe, ndipo ulitie maji na barafu iliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa.