Tairi Jembamba au Pana?

Mkulima wa chai wa Kericho au Bomet, wajua kwamba majani mabichi hayangoji. Yakichumwa leo yapasa yafike kiwandani leo. Pikapu yako ikikwama, majani yaliyorundikana hupata joto, hugeuka mekundu, na jasho lako limepotea. Kwa hiyo chagua tairi kwa akili.

Kwanza pima njia yako. Mvua ikiisha, chimba kidogo kwa jembe. Ukikuta maramu ngumu chini ya matope machache, tairi jembamba lafaa: uzito hukaa mahali padogo, nalo hukata matope na kushika chini. Tairi pana huelea juu ya utelezi, gari likaingia mtaroni.

Lakini kama udongo mwekundu ni laini mpaka chini, kama bondeni au shambani, jembamba litazama. Hapo pana ni bora, kwani hutawanya uzito, wala halishindilii udongo sana. Waweza pia kupunguza upepo kidogo. Ila ujaze tena kabla ya kushika lami ya Litein, maana tairi lenye upepo mdogo likienda mbio hupata joto na kupasuka.

Na kumbuka: tairi lililokwisha meno, liwe jembamba au pana, halifai matopeni.