Jembe, Mpini na Mkono wa Mtoto: Kufundisha Mwendo wa Joto

Mwaka juzi, mwezi wa Juni, tulikuwa katika shule moja ya nyanda za juu kukagua mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo tuliyekwenda kumwona alikuwa amejiandaa barabara. Andalio lake la somo lilikuwa safi, ubao umegawanywa vema, na mada ilikuwa njia ambazo joto husafiri. Wanafunzi wa darasa la tano walitamka kwa sauti moja: mpitisho, msafara, mnururisho. Kisha mwanachuo akainua jembe lililokuwa limelala usiku kucha katika stoo ya shule, akalipitisha darasani ili kila mtoto aguse chuma na mpini, akauliza kipi ni cha baridi zaidi. Darasa likajibu, "Chuma!" Naye akasema, "Vema. Chuma kina baridi kuliko mti," akaiandika sentensi hiyo ubaoni.

Ndipo msichana mmoja wa dawati la nyuma alipoinua mkono. "Mwalimu, jembe na mpini vimelala chumba kimoja. Nani amelitia jembe baridi?" Mwanachuo akamwambia kwamba swali hilo watalikuta mbele ya safari, akaendelea na kazi. Sisi nasi, tuliokaa nyuma na fomu ya tathmini magotini, tulimpa alama nzuri kwa kutunza wakati. Tunaandika makala haya kwa sababu alama ile ilikuwa kosa letu. Sentensi iliyoandikwa ubaoni haikuwa kweli, na mtu pekee aliyelihisi jambo hilo chumbani mle alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Kweli yenyewe ni hii. Vitu viwili vinapokaa pamoja kwa muda wa kutosha, joto hutoka katika kile chenye halijoto ya juu na kuingia katika kile chenye halijoto ya chini, mpaka vyote vilingane. Stoo ile ikiwa na nyuzi 14 za Sentigredi alfajiri, basi chuma kina nyuzi 14 na mpini una nyuzi 14. Hakuna aliyelitia jembe baridi. Kilichotofautiana ni mkono ulioligusa. Ngozi ya kiganja kwa kawaida huwa na halijoto ya nyuzi 30 na zaidi kidogo, kwa hiyo mara kiganja kigusapo chuma au mti, joto huanza kutoka mkononi. Chuma hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko mti mkavu. Joto linaloingia kwenye chuma hutawanyika upesi na kuacha nafasi ya jingine, na mkono huendelea kunyang'anywa. Mti hupokea joto kidogo, mahali palipoguswa pakapata uvuguvugu, na mtiririko ukapungua. Kwa hiyo mtoto asemapo "baridi" haelezi halijoto ya jembe. Anaeleza kasi ya joto kuutoka mkono wake. Vitu hivyo hivyo vikiwa na nyuzi 50, mambo hugeuka: chuma kitaunguza na mpini utavumilika, kwa kuwa sasa joto linaingia mkononi badala ya kutoka.

Mwalimu asishangae kwamba watoto huliona jambo hili kinyume. Lugha yetu wenyewe huwaelekeza huko. Husemwa, "Funga mlango, baridi isiingie," kana kwamba baridi ni mgeni abishaye hodi. Husemwa pia blanketi hili lina joto, na joto la mgonjwa limepanda. Haya ni maneno mazuri ya nyumbani, wala hatumshauri mtu ayasahihishe mezani kwa bibi yake. Lakini darasani hatuna budi kutenganisha mambo matatu ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Halijoto ni kipimo kinachosomwa kwenye kipimajoto. Joto ni nishati inayohama kutoka penye halijoto kubwa kwenda penye halijoto ndogo. Baridi si kitu kinachosafiri hata kidogo, bali ni jina tulipalo upungufu wa joto. Mlango ukiwa wazi, joto la chumba ndilo linalotoka.

Tunapendekeza somo lianze kwa kuuondolea mkono heshima usiyostahili. Weka mabeseni matatu mezani: la kwanza lina maji ya baridi, la pili maji ya vuguvugu, la tatu maji ya moto kiasi cha kuogea. Mwalimu ayapime mwenyewe kabla ya mtoto yeyote kugusa. Mwanafunzi atie mkono mmoja katika la kwanza na mwingine katika la tatu, ahesabu hadi 60, kisha aitie mikono yote miwili katika lile la kati. Mkono mmoja utasema maji ni ya moto, mwingine utasema ni ya baridi, na maji ni yale yale. Jaribio hili halina gharama, na baada yake hakuna mtoto atakayeona ajabu ukimwambia kwamba mkono si kipimajoto.

Jaribio la pili ni la upitishaji, nalo ni la kale. Jan Ingenhousz, tabibu Mholanzi wa karne ya 18, alizipaka nta fimbo za metali mbalimbali ili aone joto linakwenda umbali gani katika kila moja. Sisi tunaweza kutumia waya wa shaba, waya wa chuma na kijiti kikavu. Viwe na urefu mmoja na unene mmoja, maana hapo ndipo wanachuo wengi hukosea: hulinganisha msumari mnene na waya mwembamba, kisha hushindwa kueleza matokeo. Bandika punje za choroko kwa samli iliyoganda au nta ya mshumaa katika nafasi zilizo sawa, halafu simamisha ncha za chini katika maji yanayotokota. Punje za waya wa shaba zitaanguka mbele ya zile za chuma, na za kijiti huenda zisianguke kabisa mpaka kengele ilie.

Baada ya hapo jiko la nyumbani ni maabara tosha. Waulize kwa nini sufuria ni ya alumini lakini mwiko ni wa mti, na kwa nini upawa umefanywa kwa kifuu cha nazi na kushikizwa mpini. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara elfu kuliko mti mkavu, hivyo moto wa chini hukifikia chakula upesi, na mkono wa mpishi ukaachwa salama. Waulize pia kwa nini kitambaa cha kuepulia kikilowa huunguza. Karibu kila mtoto wa kike, na wavulana wachache waliolelewa vema, wamekwisha kuungua hivyo. Kitambaa kikavu kimejaa hewa iliyotulia, na maji hupitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko hewa hiyo.

Hewa iliyotulia ndiyo siri ya sufi, pamba, sufu na paa la nyasi. Hapa ndipo kosa la blanketi linapong'oka. Chukua chupa mbili za maji ya baridi asubuhi, moja uiache wazi, nyingine uizungushie blanketi, ziwekwe kivulini. Kabla ya kuziangalia saa sita mchana, kila mwanafunzi aandike katika daftari ipi itakuwa na maji ya baridi zaidi na kwa nini. Wengi wataandika kwamba blanketi limeyapasha maji moto. Usiwasahihishe. Waache wafungue. Wauza samaki wa pwani wanaofukia barafu ndani ya maranda na magunia wanalijua jibu. Na maranda yale yale, yakijazwa katika kikapu, huitunza sufuria ya maharage iliyokwisha kutokota hata ikaendelea kuiva bila moto. Kihami hakichagui upande. Hupunguza tu mwendo wa joto, liwe linaingia au linatoka.

Kuhusu msafara hatutasema mengi, kwa kuwa maji yatokotayo na moshi upandao huonekana kwa macho, na vitabu vimeueleza vya kutosha. Mnururisho wafundishwe chini ya bati la darasa lao wenyewe saa nane mchana. Bati lililopigwa na jua hunururisha joto juu ya vichwa vyao, na dari nyepesi hulikinga. Ukipenda kuzikutanisha njia zote tatu, chukua chupa ya chai. James Dewar aliibuni namna hiyo ya chupa mwaka 1892: kuta mbili zenye utupu katikati, ambao huzuia mpitisho na msafara, na mng'aro wa fedha unaorudisha mnururisho.

Tumesema habari ya swali la msichana yule, na tungependa wanachuo wamkumbuke Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania, alitia maziwa ya moto katika jokofu ili atengeneze aiskrimu, na yakaganda kabla ya yale yaliyokuwa yamepoa. Alipouliza sababu aliambiwa kwamba amejichanganya, na wenzake wakamcheka. Baadaye alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye hakucheka, bali alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ya pamoja. Hadi leo wataalamu hawajakubaliana juu ya sababu yake, na wengine wanashuku kama jambo lenyewe hutokea jinsi linavyosimuliwa. Jina la mwanafunzi yule, hata hivyo, limo katika vitabu vya fizikia.

Tulizungumza na mwanachuo wetu jioni ile, tukamwonyesha alama aliyopewa na sababu ya kuifuta. Hakukasirika sana. Siku ya tatu alirudi darasani na jembe lile lile na kipimajoto kimoja cha chuo, akamwita msichana yule mbele. Msichana alikifunga kwa kitambaa juu ya chuma, akangoja, akasoma 15. Akakifunga kwenye mpini, akangoja, akasoma 15. Darasa likanyamaza. Kisha mvulana mmoja akasimama akasema kwamba kipimajoto kimeharibika.

Mwanachuo alitutazama, kisha akamkabidhi mvulana kipimajoto na kumwambia akitie kwapani. Kikapanda hadi 36. Mvulana akakirudisha mwenyewe kwenye chuma, na watoto wote wakaacha madawati yao kwenda kukiangalia kikishuka.