Stata Ikigoma: Mpya, ya Mtumba au ya Kufufuliwa?

Gari likigoma kuwaka asubuhi, fundi umeme mzoefu huanza kwa kusikiliza. Ufunguo ukizungushwa ikatoka "tak" moja nzito kisha kimya, shaka inaiangukia stata. Ikiwa ni "tak-tak-tak" ya harakaharaka huku taa za dashibodi zikififia, mara nyingi betri imechoka au terminali zake zimeota ungaunga mweupe. Stata ikilia "vuuu" nayo injini imetulia tuli, gia yake haishiki meno ya flaiwili. Na kusiposikika kitu kabisa, kosa laweza kuwa kwenye swichi ya ufunguo, fyuzi, rilei, au ile swichi ya gari la otomatiki inayotakiwa kutambua kwamba gia iko P.

Dakika hizo chache za kusikiliza ndizo zinazookoa pesa nyingi, na ndizo zinazorukwa. Stata huvuta umeme kuliko kifaa kingine chochote kwenye gari la kawaida: hata injini ndogo ya petroli yaweza kudai zaidi ya ampea 100 kwa sekunde chache za kuwaka. Kwa mzigo huo, waya wa ethi uliolegea unatosha kuifanya stata nzima ionekane mfu. Kipimo chake hakihitaji kompyuta. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6; injini inapozungushwa, isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Ikishuka zaidi, betri ndiyo ya kupimwa kwanza. Ikibaki juu na injini haizunguki, ama umeme haufiki kwenye stata, ama unafika na stata haifanyi kazi. Ikithibitika ni hili la pili, ndipo mazungumzo ya kununua yanapoweza kuanza.

Stata ya umeme ilikuja na Cadillac za mwaka 1912, kazi ya Mmarekani Charles Kettering, enzi ambazo magari yalizungushwa kwa hendeli iliyoweza kurudi nyuma ghafla na kumvunja mtu mkono. Tangu hapo umbo limepungua na nguvu imeongezeka, lakini msingi ni uleule: mota, gia ndogo inayochomoka kuishika flaiwili, na solenoidi inayoisukuma gia hiyo na papo hapo kufungulia mota umeme. Ni kifaa kinachofunguka kwa spana na bisibisi, na vinavyokwisha ndani yake ni vichache: kaboni, bushi au beringi, na vipande vya shaba vya solenoidi.

Vipande hivyo vya shaba ndivyo vinavyowaliza wenye Toyota. Magari mengi ya kampuni hiyo yanayoletwa kutoka Japani yakiwa yametumika hufungwa stata za Denso, na kwenye aina nyingi kati ya hizo solenoidi ina vipande viwili vya shaba vinavyoliwa na cheche kidogokidogo kila gari linapowashwa. Vikilika upande mmoja, gari linaanza vituko: leo linawaka mara ya kwanza, kesho linapiga "tak" mara tano ndipo likubali. Mwenye gari anaambiwa stata imekufa. Haijakufa. Mota yake yaweza kuwa nzima kabisa, na kubadilisha shaba hizo pamoja na kaboni ni kazi ya muda mfupi kwa fundi anayejua anachofanya, kwa sehemu ndogo ya bei ya stata nyingine.

Kwa hiyo kwa gari la namna hiyo, kuifufua stata iliyokuja nalo ndilo chaguo la kwanza, wala si la maskini. Ulaya na Marekani kazi hii ina viwanda vyake. Bosch na Denso zenyewe huuza stata zilizofufuliwa, na mnunuzi hutozwa amana inayorudishwa akikabidhi ile mbovu. Huku kwetu kiwanda ni meza ya fundi umeme pembeni mwa gereji, na ubora wake ni ubora wa mtu huyo. Mwenye gari akae aone stata ikifunguliwa. Amecha, yaani sehemu ya mota inayozunguka, ikinuka kuungua, au pale kaboni zinaposugua pamechimbika sana, kuweka kaboni mpya ni kuchelewesha tatizo tu. Bushi zikiwa zimelegea, amecha huanza kukwaruza kuta za ndani, na stata inavuta umeme mwingi huku ikizunguka kivivu. Fundi anayebadilisha kaboni peke yake na kuziacha bushi hizo amefanya nusu ya kazi.

Stata ya mtumba ina sifa moja kubwa: mara nyingi ni orijino. Kariakoo jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi au soko la Kisekka jijini Kampala, zimo zilizotolewa kwenye magari yaliyokatwa Japani au kupitia Sharjah. Kasoro yake ni kwamba umri wake haujulikani. Muuzaji akiiunganisha na betri juu ya kaunta ikachomoza gia na kuvuma, hilo linathibitisha kwamba haijafa, basi. Haibebi mzigo wowote pale. Mnunuzi azungushe gia kwa vidole: upande mmoja iende laini, upande wa pili ishike pamoja na mhimili. Autikise mhimili huo kuona kama umelegea, ayatazame meno, kisha ainuse. Ndiyo, ainuse: vanishi ya nyaya za mota ikiungua haifichiki. Zaidi ya yote alinganishe idadi ya meno na matundu ya bolti, kwani gari la jina moja laweza kuwa na stata tofauti kwa injini tofauti, au kwa gia za mkono na otomatiki. Meno yasiyolingana huitafuna flaiwili, na kuibadilisha flaiwili ni kushusha gia boksi.

Mpya nayo ni ya aina mbili, ingawa kaunta huzipanga pamoja. Orijino hudumu, na kwa gari la wagonjwa au la porini, bei yake inajitetea. Kwenye katalogi ya Toyota namba ya stata huanza na 28100. Namba kamili ya gari husika ndiyo ya kupeleka dukani, kwa sababu boksi lenye jina kubwa huchapishwa na yeyote mwenye mashine. Ile mpya ya bei poa ni bahati nasibu ya pili baada ya mtumba, ila yenye gamba zuri zaidi. Stata kuukuu ya Denso iliyowekwa shaba, kaboni na bushi bora ni ya kuaminiwa kuliko hiyo.

Ile tabia ya kuigonga stata kwa nyundo ili gari lifike nyumbani ina mantiki, maana kaboni iliyokwama huachia. Ila stata nyingi za siku hizi zina sumaku za kudumu, ambazo hupasuka kwa pigo kali.

Wenye Prius na Aqua hawamo kwenye hesabu hizi. Injini za haibridi hizo huzungushwa na mota-jenereta iliyomo ndani ya gia boksi, na stata ya kawaida haipo kabisa; anayeambiwa stata ya Aqua yake imekufa atafute gereji nyingine.