Valencia: Pesa Yako Iende kwenye Kitanda

Anayepanga kwenda Valencia, pwani ya mashariki ya Hispania, huanza kwa kuuliza viingilio vya makumbusho. Sipo pa kuanzia. Makumbusho mengi ya mji huu ni rahisi mno, na sherehe yake kubwa kuliko zote haina kiingilio. Kinachokula pesa ni malazi, na bei ya malazi hufuata kalenda.

Sherehe yenyewe ni Fallas, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2016. Vyama vya mitaa huchangishana mwaka mzima na kuwalipa mafundi watengeneze sanamu za kejeli, nyingine ndefu kama ghorofa. Husimamishwa barabarani katikati ya Machi, na usiku wa tarehe 19 hutiwa moto. Siku tano za mwisho za sherehe ndizo hoteli hupandisha bei na vyumba huisha mapema.

Ila kuna njia ya kati ambayo wageni wengi hawaijui. Kuanzia tarehe 1 Machi, kila siku saa nane kamili mchana, kwenye uwanja wa Plaza del Ayuntamiento hulipuliwa mascletà. Hizi ni fataki za kusikiliza, si za kutazama. Milio huanza kwa mpangilio kama ngoma, inaongeza kasi, mpaka mwishoni unaisikia kifuani na moshi wa baruti unaufunika uwanja mzima. Ukienda wiki ya kwanza ya Machi, utapata mascletà ileile bila bei za kilele. Utakachokosa ni sanamu na moto wake. Kama moto ndio uliokuvuta, basi weka nafasi miezi kadhaa kabla, au lala mji jirani wa Torrent na uingie Valencia kwa metro. Usiku, mahema ya vyama ni ya wanachama tu, lakini muziki wa barabarani ni wa kila mtu.

Sasa makumbusho. Museo de Bellas Artes ni bure, na ndani yake kuna picha ambayo mchoraji Velázquez alijichora mwenyewe, pamoja na kazi za Goya na za Sorolla, mwana wa mji huo. Lonja de la Seda, soko la kale la hariri lenye nguzo zilizosokotwa kama kamba, ni yuro 2, na Jumapili halilipiwi. Museo Fallero nalo ni hivyohivyo: humo hukaa sanamu ndogo ambazo, tangu mwaka 1934, wananchi huzipigia kura zisichomwe. Kwa bei hizo, kadi ya watalii ya saa 24, 48 au 72 hairudishi pesa yake kwa upande wa makumbusho peke yake. Inunue tu kama utapanda sana mabasi na metro, safari ya uwanja wa ndege ikiwemo.

Ghali kweli ni Oceanogràfic, bustani ya viumbe wa baharini: zaidi ya yuro 30 kwa mtu mzima, na familia ya watu wanne huvuka 100. Wenye watoto wadogo watafurahi. Wengine, kwa maoni yangu, wanatosheka kutembea nje, kati ya majengo meupe ya msanifu Santiago Calatrava, kwenye bustani iliyopandwa katika mkondo wa zamani wa mto Turia, uliohamishwa baada ya mafuriko ya 1957.

Usiku, mtaa wa Ruzafa una baa na mikahawa ya vijana. Mtaa wa El Carmen una vichochoro vya kale na muziki wa jazi pale Jimmy Glass. Klabu hazichangamki kabla ya saa saba usiku. Uliza mlangoni kama kiingilio kina kinywaji ndani yake, maana mara nyingi kinacho. Agua de Valencia, yaani maji ya machungwa yaliyochanganywa na mvinyo wa mapovu, vodka na jini, huuzwa kwa jagi, hivyo mkiwa wanne ni nafuu kuliko glasi moja moja. Asiyekunywa pombe aagize horchata, kinywaji baridi cha chufa, mmea wa jamii ya ndago, na mkate mtamu wa kuchovya.