Kipimo kibovu chaweza kuangamiza matumbawe

WAFUGAJI wa matumbawe katika matangi ya kioo hutumia fedha nyingi kununua taa, pampu na chumvi maalumu, kisha huiamini bila swali nambari inayoonyeshwa na kipimo. Hapo ndipo hasara nyingi huanzia.

Maji ya bahari kwa kawaida huwa na takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo, na matumbawe hayavumilii mabadiliko ya ghafla ya kiwango hicho. Kifaa kinachopendwa na wengi ni refraktomita, ambayo hupima jinsi mwangaza unavyopinda ukipita katika tone la maji. Tatizo ni kwamba nyingi za bei nafuu ziliundiwa maji yenye chumvi ya kawaida ya mezani, wala si ya bahari, ambayo pia ina magnesi, salfeti na kalisi. Refraktomita kama hiyo, ikirekebishwa kwa maji yasiyo na chumvi, husoma karibu 36.5 mahali penye 35. Mwenye tangi naye, akidhani anatengeneza, huyazimua maji yaliyokuwa sawa.

Kurekebisha kwa maji matupu huthibitisha sifuri tu, ilhali hakuna anayefuga matumbawe kwenye sifuri. Kifaa kinafaa kurekebishwa kwa mchanganyiko unaolingana na maji ya bahari. Asiyeweza kuununua aweza kuutengeneza: gramu 36.5 za chumvi safi ya mezani, na maji yaliyosafishwa kabisa hadi uzani wote ufike kilo moja. Mchanganyiko huo hupinda mwangaza sawa na maji ya bahari ya kiwango cha 35, kwa hivyo skrubu huzungushwa hadi mstari utue kwenye 35. Mizani ya jikoni inayoruka gramu tano tano haiwezi kazi hii. Wala maji ya ufuoni si kigezo cha kutegemewa, kwani msimu wa masika mito huyapunguza chumvi maji ya hori za Mombasa.

Haidromita ya plastiki yenye mshale ina hila zake. Viputo vya hewa vikiushika mshale huuinua, maji yakaonekana kuwa na chumvi zaidi. Chumvi kavu ikiugandia huulemea, na kosa likageuka.

Kwa upande wa fosfeti, wafugaji wengi hulenga miligramu 0.03 kwa lita, lakini baadhi ya vipimo vya mkononi vinavyotumia mwanga vyaweza kukosea kwa 0.04. Anayesoma 0.02 huenda hana fosfeti kabisa, au anayo mara tatu ya alichokiona. Hata alama ya kidole kwenye kichupa cha kupimia yatosha kubadili jibu.