Baba wa miaka 50 na hesabu ya ada

Mtumishi wa umma wa Tanzania au Kenya anayepata mtoto akiwa na miaka 50 atastaafu kwa lazima akifika 60, na siku hiyo mtoto atakuwa na miaka 10, bado yuko shule ya msingi. Mtoto akifika miaka 17, bado yuko sekondari, baba atakuwa na 67, chuo kikuu kitaanza akikaribia 70. Hesabu hii haihitaji mtaalamu, lakini ndiyo inayokosekana pale mazungumzo ya kuzaa uzeeni yanapoishia kwenye utani wa babu na mjukuu. Kwetu jambo lenyewe si geni: ndoa za mitara, tofauti kubwa ya umri kati ya mume na mke, na kuoa tena baada ya talaka au kufiwa vimewapa wanaume watoto katika umri huo tangu zamani. Kilicho kigeni ni urefu wa masomo. Mtoto wa leo humtegemea mzazi hadi miaka 22 na zaidi, na baba huyu ana mshahara kwa chini ya nusu ya muda huo. Kwa hiyo nadhani inampasa apange kinyume na wengi wanavyofanya: miaka ya mwanzo atoe muda kwa wingi na fedha kwa kiasi, na fedha nyingine aifungie kwa ajili ya miaka ambayo hatakuwa na mshahara, au hatakuwepo.

Namna wengi wanavyofanya inajulikana. Baba yuko kwenye mshahara mnono wa mwisho wa kazi, kitinda mimba anapelekwa shule ya awali ya bei ghali, nusu kwa mapenzi na nusu kwa fahari, kisha ada inashindikana mtoto akiwa darasa la tano. Wanaotetea mpango huu wana hoja nzito. Mchumi James Heckman, mshindi wa Tuzo ya Nobel, ameshikilia kwa miaka mingi kwamba fedha inayotumika kwa mtoto mdogo huleta faida kubwa kuliko inayokuja baadaye. Lakini tuangalie ni nini hasa kilicholipiwa. Mradi wa shule ya awali wa Perry ulioko katikati ya ushahidi wake, ulioendeshwa Ypsilanti, Michigan, miaka ya 1960 ukiwa na watoto 123 wa familia maskini, 58 kati yao wakipata huduma, ulikuwa na madarasa madogo, walimu waliowaacha watoto wapange na kueleza shughuli zao, na mwalimu aliyekwenda nyumbani kila wiki kukaa na mama na mtoto. Kilicholipiwa pale ni umakini wa mtu mzima. Sare na basi la shule havikuwa na kazi. Utafiti wa Rachel Romeo na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2018, uliwapima watoto 36 wa miaka 4 hadi 6. Waliozoea kupokezana maneno na watu wazima, kuuliza na kujibiwa, walionyesha shughuli kubwa zaidi katika eneo la lugha la ubongo walipokuwa wakisikiliza hadithi, bila kujali kipato cha nyumbani. Watoto 36 ni wachache, sitajenga nyumba juu yao peke yao. Lakini takwimu za mitihani ya kimataifa ya PISA nazo zimeonyesha kuwa wanafunzi wa miaka 15 waliosomewa vitabu na wazazi wao walipoanza shule ya msingi hufanya vizuri zaidi, hata zinapolinganishwa familia za hali moja.

Atajibu mtu kwamba mzee amechoka na mtaala umebadilika, atamsaidia mtoto nini? Tathmini za mpango wa Uwezo katika Afrika Mashariki zilikuta watoto wengi wa darasa la tatu wasioweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Kugundua pengo hilo kunahitaji kitabu kimoja, saa moja ya jioni na sikio. Kiswahili kinatosha, na lugha ya nyumbani pia.

Pingamizi la kibaiolojia dhidi ya kuzaa uzeeni ni la kweli, ila hukuzwa mno. Watafiti wa Iceland walionyesha mwaka 2012 kuwa kila mwaka unaoongezeka kwenye umri wa baba huongeza takriban mabadiliko mapya mawili katika vinasaba vya mtoto. Uwezekano wa usonji na skizofrenia hupanda, lakini kwa mtoto mmoja mmoja unabaki mdogo. Mtoto akichelewa kusema, apelekwe kwa daktari mapema. Umri wa baba si sababu ya kumkatia tamaa.

Upande wa fedha, hati fungani za serikali ya Tanzania za miaka 20 hulipa riba mara mbili kwa mwaka, na sehemu ya mafao ya mkupuo ingeweza kwenda huko kabla ya kuezeka nyumba ya pili. Bima ya maisha hupanda bei kadiri umri unavyopanda, hivyo anayeisubiri hadi 58 amejiadhibu mwenyewe.

Linabaki jibu linalopendwa kuliko yote: kaka wakubwa wa mtoto watamsomesha. Wengi wamefanya hivyo, kwa moyo. Lakini wakati huo kaka hao wana ada za watoto wao, na kama mama yao si mama wa mtoto huyu, mtoto wa miaka 12 hana sauti kwenye kikao cha mirathi. Baba akitaka kuwakabidhi mtoto, awaambie angali hai, mama wa mtoto akiwepo, na fedha ya ada iwe tayari kwa jina la mtoto.