Bei ya Gari Lako Ijue Kabla Mteja Hajaja
Mimi ni fundi magari, Morogoro. Anayetaka kununua gari lililotumika kwa mwenyewe huniita nikalikague, kwa hiyo mapatano mengi nayasikia nikiwa upande wa mnunuzi. Leo nasema na muuzaji, maana ndiye ninayemwona akiumia: mwalimu mstaafu, mjane anayeuza gari la marehemu.

Huumia mapema, hata boneti halijafunguliwa. Mnunuzi anaamkia, kisha kwa upole anauliza, "Mzee wangu, mbona unaliuza?" Mzee kwa uungwana wake anajibu kwamba ada ya chuo inatakiwa Ijumaa. Basi mnunuzi atavuta maneno hadi Alhamisi jioni. Shida za nyumbani ziache nyumbani. Umeamua kuuza, jibu hilo linatosha. Na anayepiga simu kuuliza "ya mwisho ngapi?" mwambie aje alione kwanza.

Wengi hutaja bei ya kusikia. Jirani kauza IST yake milioni kumi, basi na wewe kumi. Hapa Tanzania tunapima gari kwa herufi ya namba: namba C ina bei yake, D yake, E iko juu zaidi. Lakini herufi inaonyesha gari lilisajiliwa lini nchini. IST ya 2004 iliyochelewa kuletwa kutoka Japani yaweza kuwa na namba D, na pacha wake wa mwaka huohuo akawa na namba B. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi, na mimi huutazama huo kwanza. Ulizia magari matatu manne ya mwaka na hali kama ya lako, ukikumbuka kwamba bei zinazotangazwa ni za kuanzia tu. Kisha ziandike mbili: ya kutaja, na ile ambayo mteja akishuka chini yake, gari linabaki uani.

Nikifika, naigusa injini kabla haijawashwa. Nikiikuta ya moto nashuku, kwa sababu injini iliyopashwa huficha ugumu wa kuwaka na moshi wa asubuhi. Nafungua kifuniko cha oili. Nagonga milango kwa kidole. Palipojazwa puti hutoa sauti nzito. Tairi nazisoma ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na hata kashata zikiwa nzima, mpira umeshazeeka. Kila ubovu ninaoutaja mnunuzi anaugeuza fedha, mara nyingi kwa kuuzidisha. Shokapu mbili za mbele anataka zipunguze milioni nzima, na muuzaji asiyejua shokapu zinauzwaje dukani ananyamaza tu. Inaniuma kila mara.

Kwa hiyo tangulia wewe kwa fundi unayemwamini, akuandikie ubovu wote pamoja na bei za vipuri. Mteja akija, mwambie mwenyewe: "Shokapu za mbele zimechoka, nimeshazitoa kwenye bei." Nimeona maneno hayo yakimaliza ubishi papo hapo. Kuficha ni dhuluma, na fundi atakuta tu.



Tangu ada ya mwaka ya leseni za magari ifutwe katika bajeti ya 2017/18, deni hilo halitajwi tena mezani, ila faini za trafiki na ushuru wa maegesho bado vinatajwa sana. Lipa kabla, utunze risiti.

Dalali ana kazi yake na ujira wake ni halali. Ninachokichukia ni cha juu: wewe umetaka milioni nane, mnunuzi kaambiwa tisa na nusu, nanyi mnazuiwa kuzungumza. Patana naye ujira mapema, kisha kaa na mnunuzi ana kwa ana.

Mkikubaliana, andikishaneni mkataba kwa wakili, na kadi usiitoe mpaka uone fedha kwenye akaunti. Halafu hakikisha umiliki umehamishwa TRA. Gari likibaki kwa jina lako, faini za mwenzako zitaendelea kuandikwa kwako.